Kabla ya Kununua Deodoranti ya Asili, Uliza Utaijazia Wapi

Assalamu alaykum, hamjambo wote, karibuni tena dukani kwangu, Ngamiani, Tanga. Feni nimeizima ili sauti isikike, kwa hiyo mtaniona nikijipangusa jasho mara kwa mara. Ndiyo mada yenyewe hiyo. Leo ni kwapa.

Mezani nina vitu vinne. Mpwa wangu ndiye kashika simu, sogea karibu uwaonyeshe. Hiki kichupa cha kioo, kina gololi mdomoni. Hili kopo la bati, ndani mna mafuta mazito, unachota kwa kidole. Hili kasha unalizungusha kitako, mche unapanda juu kama rangi ya mdomo. Na hili jiwe jeupe halina chombo kabisa, ni shabu. Waliowahi kunyolewa ndevu na vinyozi wa zamani wanaijua: ukikatwa na wembe anakupitishia, damu inakata.

Watu wanaingia hapa wananiuliza, "Dada, nichukue ipi?" Nami naanza kwa kuwauliza: ikiisha, utaijazia wapi?

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na kasha zuri sana, la alumini, zito mkononi, mwanawe kamletea kutoka Uingereza. Mche wake umekwisha. Mche mpya unauzwa kulekule Uingereza, unakuja kwa posta. Sasa nikamwambia, mama yangu, usafirishe kimche cha gramu arubaini kutoka Ulaya hadi Tanga kila mwezi mmoja na nusu, halafu tuseme tunatunza mazingira? Kasha lile si baya. Kwa binti yake anayekaa London linafaa kabisa. Hapa kwetu ni pambo la kabati.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu harufu wala rangi ya chupa. Tafuta mtu wa kukujazia, mtu unayeweza kumfikia kwa miguu au kwa daladala moja. Akiwepo, ndipo uchague chombo anachokijaza. Akiwa hayupo, jifunze kujaza mwenyewe, na hilo nitawaonyesha leo. Mfuko wa plastiki tuliuaga tarehe 1 Juni 2019, mnakumbuka tulivyorudi kwenye vikapu. Lakini roloni bado tunatupa moja baada ya nyingine: mwili plastiki ya aina hii, gololi aina nyingine, kifuniko aina ya tatu, na ndani mna mabaki. Waokota chupa wa mtaani kwangu wanabeba za maji, hizo wanaziacha mtaroni.

Haya. Harufu inatoka wapi? Kwa kifupi tu. Jasho likitoka halinuki. Kwapani kuna tezi zinazotoa jasho zito lenye mafuta na protini, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi wakilila ndiyo tunapata kikwapa, au kutuzi kama bibi zetu walivyokuwa wakiita. Deodoranti inapambana na bakteria na harufu. Dawa ya kuzuia jasho ni kitu kingine: ina chumvi za alumini zinazoziba vijitundu vya jasho. Ukiacha hiyo ukahamia deodoranti ya asili, utalowa. Wiki za mwanzo utaona jasho limerudi, wala si "sumu inatoka" kama wanavyokwambia. Ni jasho lako lile lililokuwa limezibwa, maji na chumvi.

Na niseme hili nikitazama kamera. Akikuuzia mtu deodoranti kwa kukutisha kwamba ile ya dukani inaleta saratani ya matiti, usinunue kwake. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani imeandika kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaounganisha bidhaa hizi na saratani hiyo. Mimi nauza hizi za asili kwa sababu nazipenda, zinajazwa tena, na zina harufu ya kwetu. Sababu hizo zinatosha.

Tuendelee na joto, maana hapa ndipo deodoranti nyingi za asili zinaposhindwa pwani. Soma maandishi madogo nyuma ya kopo. Majina ni ya Kilatini, yasikutishe. Cocos nucifera ni mafuta ya nazi. Cera alba ni nta ya nyuki. Manihot esculenta ni muhogo wenu huuhuu, unga wake unanyonya unyevu. Sasa, mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi kama 24. Tanga ni lini tunashuka chini ya 24 mchana? Kopo hili niliacha dirishani tangu saa tatu asubuhi. Nalifungua... mnaona? Uji. Unga wote umekaa chini, mafuta juu. Ukichota hapa unapata mafuta matupu, na blauzi yako inapata doa.

Lakini nina mteja wa Lushoto, kopo hilihili kwake linakuwa gumu mpaka analipasha moto kiganjani. Mkoa mmoja huohuo! Ndiyo maana siwezi kukwambia "hii ndiyo bora" kabla hujaniambia unakaa wapi. Wa Lushoto, Njombe, Mbeya, Arusha, kopo la bati ni lenu. Wa Tanga, Mombasa, Unguja, Dar, mkitaka kopo, ulizeni kama lina nta ya kutosha. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, hiyo ndiyo inayoshikilia mengine. Na siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda, naipenda sana kwa ngozi, ila ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kwa hiyo nayo inahitaji nta zaidi.

Kingine cha kuangalia ni bekingi soda. Inaondoa harufu vizuri, ila ngozi yetu ina asidi kidogo, pH ya 5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua), na bekingi soda iko juu ya 8. Wapo wanaoipaka miaka bila shida, wapo wanaopata vipele vyekundu siku ya nne. Kama ngozi yako ni nyepesi, chagua yenye oksaidi ya zinki au magnesiamu haidroksaidi, ile ya kwenye dawa nyeupe ya kiungulia.

Na jamani, jamani, magadi SI bekingi soda. Nasema tena kwa sababu nimeshapigiwa simu na mtu analia. Magadi ya kulainishia maharage, hata yakisagwa yakawa meupe laini, ni makali, pH yake inafika 10. Usipake kwapani. Yanaunguza.

Mimi mwenyewe natumia hiki, kichupa cha gololi chenye maji ya shabu. Maji hayayeyuki, maana yameshayeyuka! Hayana mafuta, kanzu nyeupe ya mume wangu haijapata doa. Ila niwe mkweli: shabu nayo ina alumini, ni chumvi ya alumini na potasiamu. Ukiona imeandikwa "haina alumini" na ndani ni shabu, maandishi hayo si kweli. Haizibi vijitundu kama zile za viwandani, inawafanya bakteria wasistawi kwa ile asidi yake. Kama unaikwepa alumini kabisa, rudi kwenye kopo.

Sasa kuchagua kichupa. Kioo, si plastiki. Mililita 50, kikubwa zaidi ya hapo kitakaa sana mpaka maji yaharibike. Gololi iwe ya kioo au chuma cha pua kizuri, kwa sababu maji ya shabu yana asidi, chuma hafifu kitaota kutu na kutu itahamia kwenye nguo. Na jambo kubwa: hiki kipete kinachoshika gololi, kinang'oka? Vichupa vingine vimebanwa kiwandani, hung'oi ng'o. Mjaribu muuzaji mbele yako, mwambie king'oe. Akishindwa yeye, wewe nyumbani utaweza?

Kuchanganya ni rahisi, sitakaa hapo. Shabu ya unga kijiko kimoja cha chai, kifute juu kiwe sawasawa. Maji mililita 100, yaliyochemshwa yakapoa. Mimi naweka nusu maji, nusu marashi ya mawaridi, yale ya kunyunyizia wageni harusini. Yawe marashi halisi, yasiwe yametiwa rangi. Koroga mpaka shabu iyeyuke yote, maji yawe maangavu. Glisarini matone matano kwa ajili ya ulaini. Basi, hii ni vichupa viwili. Tumia ndani ya wiki tatu, hakuna kihifadhi humu.

Ukitaka karafuu, tone moja. Moja! Najua mafuta ya karafuu ya Pemba yananukia, moyo unataka kumimina, lakini kwapa si pilau. Yanachoma ngozi. Na mafuta hayachanganyiki na maji, utatikisa kabla ya kupaka. Mimi siweki, harufu ya waridi inanitosha.

Wala usichanganye shabu na bekingi soda kwenye kichupa kimoja ukidhani utapata nguvu mbili. Zinakutana asidi na kinyume chake, zinatoa gesi, povu, na umefunga kichupa cha kioo. Kitakupasukia.

Haya, kujaza. Kichupa nilikiosha jana kwa sabuni na maji ya moto, kimelala kichwa chini usiku kucha. Namimina mpaka hapa, shingoni, nimeacha nafasi ya kidole kimoja. Usijaze mpaka mdomoni.

Sasa nisikilizeni. Kabla ya kurudisha kipete, futa shingo ya kichupa kwa kitambaa kikavu. Ndani na nje. Mwaka juzi nilikuwa nakwenda kwenye harusi Pongwe, nikajaza kichupa haraka, sikufuta, nikabonyeza kipete, kikakaa, nikaona kimekaa. Kikatoka chenyewe kwenye mkoba, ndani ya daladala. Simu ililowa, na kitenge kipya cha zawadi ya bibi harusi kililowa. Niliingia ukumbini bila zawadi. Tangu siku hiyo sijazi kichupa cha mtu yeyote bila kitambaa mkononi.

Kwa hiyo: futa. Halafu simamisha kichupa mezani, si mkononi. Weka kipete juu, gololi ikiwa imo. Viganja viwili, kimoja juu ya kingine, bonyeza chini moja kwa moja. Usibonyeze upande. Unasubiri sauti. Ukisikia "tak" moja, bado, hiyo ni upande mmoja umeingia. Zungusha robo, bonyeza tena, mpaka usikie ya pili. Sikilizeni... tak. Nazungusha... tak. Hapo.

Nageuza kichwa chini, natikisa...

Ngoja. "Shangazi, inachuruzika." Naiona, mwanangu. Usizime, acha waone. Hapa pembeni, mnaona tone linavyojikusanya? Sauti mbili nimezisikia, na bado inavuja. Natoa kipete tena, kwa ukingo wa kijiko, nainua polepole huku nimeshika gololi isiruke... hii hapa. Shingo imelowa. Nilipofuta nilifuta nje, ndani nikapitia juujuu kwa sababu nilikuwa nawasimulia mambo ya Pongwe. Haya, kitambaa. Ndani, mzunguko mzima, na kipete chenyewe kwa ndani. Kikavu kabisa. Mezani. Viganja viwili. Tak. Robo. Tak. Na sasa napitisha ukucha kwenye mstari huu unaotenganisha kipete na kioo, mzunguko mzima. Ukucha usiingie popote. Hilo la ukucha liongezeeni kwenye hatua zenu, ni la muhimu kuliko sauti.

Kupaka: oga, jisugue kwapa kwa dodoki, jikaushe, pitisha mara mbili tatu, nyoosha mikono dakika moja kabla ya kuvaa. Ukinyoa leo, paka kesho. Na wale wa limau, najua mpo, limau nalo lina asidi na linapunguza harufu kweli, lakini juu ya wembe ni maumivu, na ukitoka nalo juani na blauzi isiyo na mikono linaweza kukubabua.

Kwangu kujaza ni shilingi 2,000, uje na kichupa chako kikavu, cha aina yoyote mradi kipete kinang'oka. Walio mbali, msiagize kwangu. Tafuteni shabu kwenye duka la viungo lililo karibu nanyi, mjaze wenyewe.

Kichupa hiki nakilaza kichwa chini juu ya karatasi hii nyeupe mpaka kesho asubuhi. Mpwa wangu, hapo katisha.

Haya, ni asubuhi, saa moja na nusu. Karatasi hii hapa. Ipeleke kwenye mwanga, waone vizuri. Kavu, hakuna hata alama ya tone. Sasa ndiyo nakiweka kichupa kwenye mkoba.