Pua Inayougua Kila Mara: Bingwa Anatafuta Nini?

Wazee shikamooni, na walimu wenzangu habari za mchana. Nasema wenzangu kwa sababu na mimi kazi yangu nusu ni kufundisha, ila darasa langu huwa linapiga chafya.

Nimeombwa nizungumzie sainasi, yaani ugonjwa wa kuvimba kwa nafasi za hewa zilizo ndani ya mifupa ya uso. Nianze na hesabu kidogo, maana ndiyo inayoamua kama una haja ya kuonana na daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Mafua ya kawaida hukaa wiki moja mpaka siku kumi. Yakipita hapo bila nafuu yoyote, au ukapata nafuu halafu homa na maumivu ya uso yakarudi kwa kishindo, hapo ndipo tunaanza kuwashuku bakteria. Kamasi kuwa ya kijani peke yake si ushahidi. Rangi ile inatokana na chembe nyeupe za damu, na hizo hupambana na virusi vilevile. Sasa, mtu akipata mashambulizi ya bakteria mara nne au zaidi kwa mwaka, na katikati anapona kabisa, huyo ana sainasi ya kujirudia. Aliyekaa wiki 12 au zaidi pua imeziba, kamasi zinashuka kooni, hasikii harufu ya chakula, huyo ana sainasi sugu. Wengi wanaokuja wakisema "daktari, inanirudia", ukiwahoji vizuri unakuta haijawahi kuondoka.

Nafasi hizo za hewa ndani ya mifupa ya uso, nazo huitwa sainasi, ziko jozi nne: mashavuni, kwenye paji la uso, katikati ya macho, na nyuma kabisa ndani ya fuvu. Zote zina ngozi laini inayotoa ute, na ute huo husukumwa na vinyweleo visivyoonekana kwa macho kuelekea kwenye tundu dogo la kutokea puani. Ile ya shavuni ina ajabu yake: tundu lake liko juu, si chini. Kwa hiyo ukiwa umesimama hapo ulipo, ute wako unapanda mlima. Ngozi ikivimba kidogo tu kwa aleji, kwa moshi wa mkaa au kwa mafua, tundu linaziba, ute unalala, bakteria wanapata makazi. Antibayotiki inaweza kuwaua bakteria hao, lakini tundu halizibuliwi na kidonge. Ndiyo maana baada ya miezi miwili uko tena dirishani duka la dawa.

Kuna mgonjwa mmoja sitamsahau, fundi seremala. Alikuja na mfuko wa rambo, akaumwaga mezani: maganda ya amoksilini, ampiklozi, azuma, sipro, mengine yamebaki vidonge viwili vitatu. Akaniambia anataka dawa kali kuliko hizo. Nikamuuliza kamasi zinatoka tundu gani. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akafikiri, akaziba tundu moja, akaziba la pili, akasema la kulia tu. Harufu je? Mbaya, tena anaisikia mwenyewe kuliko anavyoisikia mkewe.

Mnaonicheka mnajua kwa nini nauliza. Aleji haichagui upande. Pua inayotoa uchafu upande mmoja tu ina sababu yake, na kazi ya bingwa ni kuitafuta. Kwa mtoto mdogo, mara nyingi ni harage, shanga au kipande cha sponji alichokiingiza mwenyewe. Ikiwa ni betri ile ndogo ya duara, msisubiri hata kesho, inaunguza ukuta wa pua ndani ya saa chache. Kwa mtu mzima, hasa kama kuna damu, lazima tuhakikishe si uvimbe wa saratani, na fundi anayevuta vumbi la mbao miaka nenda rudi yumo katika kundi la hatari. Huyu wangu tulimchungulia kwa kamera, hakuna uvimbe. Nikachukua mpini wa kioo nikagonga meno yake ya juu, moja moja. La nne nilipogonga, aliruka kwenye kiti. Mizizi ya magego ya juu iko jirani kabisa na sakafu ya sainasi ya shavuni, na jino lake lilikuwa limeoza chinichini. Picha ya meno ikathibitisha. Aliyemponya alikuwa daktari wa meno.

Wapo pia wanaokuja na sainasi ambayo siyo sainasi. Kichwa kinauma usoni, jicho linatoa machozi, pua inaziba kidogo, mwanga unamkera, mawio ya jua hataki kuyaona. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwachunguza watu karibu 3,000 waliojijua au kuambiwa wana "kichwa cha sainasi": asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Kipandauso kina dawa zake, na hazifanani kabisa na antibayotiki.

Na wengine wanakohoa usiku kwa sababu kamasi zinashuka kooni, basi wanapelekwa kwa mzee fulani kukatwa kimeo. Jamani. Kimeo hakina kosa. Tunapokea watoto wanaovuja damu, wengine wenye pepopunda, na kikohozi kiko palepale.

Mkija kliniki mtegemee maswali mengi kabla ya kifaa chochote. Aleji, pumu, sukari, kinga ya mwili ikiwemo VVU, kazi unayofanya, mnapikia nini nyumbani. Semeni ukweli kuhusu dawa mlizokwisha kunywa. Kisha tunapulizia ganzi puani na kuingiza kamera nyembamba. Haiumi, inakera tu, macho yanatoa machozi. Tunaangalia kama ukuta wa pua umepinda, kama kuna nyama zimeota, usaha unatokea wapi. Ikiwezekana njooni siku mnayoumwa, maana ukija umepona sina cha kuona. Lakini CT scan, ile picha ya kompyuta ya ndani ya kichwa, hatumpigi mtu akiwa na mafua ya kawaida, kwa sababu mafua yenyewe huijaza picha ukungu, na utaambiwa una ugonjwa ambao ungeisha wenyewe.

Tiba ya sugu kwa wengi ni ya kuchosha: kuosha pua kwa maji ya chumvi na dawa ya kupuliza ya steroidi, inayopunguza uvimbe, kila siku, wiki nyingi. Kwenye kupuliza ndipo watu hukosea. Inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia upulizie tundu la kushoto, ncha ielekee upande wa sikio, si katikati, la sivyo pua itatoka damu. Maji ya kuoshea lazima yawe yamechemshwa yakapoa. Si ya bomba. Huko Louisiana mwaka 2011 watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yenye amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho kinachoshambulia ubongo. Ni nadra sana, lakini kuchemsha maji ni kazi ya dakika chache. Na yale matone ya kuzibua pua papo hapo, yenye xylometazoline, siku tano zinatosha. Ukizidisha, pua inazoea na kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Jicho likivimba au kuona viwili viwili, shingo ikakakamaa, au mtu akaanza kuchanganyikiwa, usingoje rufaa wala kliniki ya Jumatano. Nenda hospitali usiku huohuo.

Mwalimu wa kule nyuma ameandika kwenye karatasi: "Nikifanyiwa operesheni, nitakuwa nimemalizana nayo?" Inategemea imefanywa kwa sababu gani. Kama tatizo lilikuwa njia nyembamba iliyozibwa na mfupa, mara nyingi ndiyo, nafuu yake ni kubwa. Upasuaji huu tunaufanya kupitia tundu la pua, usoni hakuna kovu. Lakini kama una aleji, au nyama za pua zinazoambatana na pumu, operesheni inafungua njia ili dawa ya kupuliza ifike inapotakiwa. Maji ya chumvi yataendelea, na wiki za mwanzo utarudi kwetu kusafishwa magamba. Anayekuahidi kwamba nyama hazitaota tena, muulize amewafuatilia wagonjwa wake kwa muda gani.