Jeong ya Wakorea haina haraka ya kulipana

Hamjambo watazamaji wangu wa nyumbani. Wewe unayejiandaa kuja kusoma Korea Kusini, leo tuzungumze jeong, ule ukaribu wa moyo unaojengeka polepole kati ya watu. Usisubiri kuambiwa unapendwa. Angalia chakula.

Novemba baridi ikianza, familia na majirani hukaa pamoja kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, ya msimu mzima. Shughuli hii huitwa kimjang. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2013. Kabichi za Kichina hupasuliwa, hulazwa kwenye chumvi usiku kucha, asubuhi huoshwa na kuachwa zichuje maji. Ukialikwa, nenda. Vaa glavu, kisha paka jani mojamoja mchanganyiko wa pilipili ya unga, vitunguu saumu, tangawizi, mchuzi wa samaki na uduvi wa chumvi. Zidisha kule kweupe kwenye shina, maana ndiko kunene. Malizia kwa kuifunga kabichi na jani lake la nje.

Utaondoka na kopo lako la kimchi. Hapa ndipo wageni wengi huharibu: kesho yake wanapeleka zawadi ya thamani ileile. Hiyo inasomeka kama kulipa deni, mkamalizana. Tulia. Kula, kisha siku nyingine rudisha kopo na matunda kidogo ndani. Watu wa pwani mnalijua hili, sahani ya jirani hairudi tupu.

Na msidhani jeong ni ya wanaoelewana tu. Ipo miun jeong, ya watu wanaogombana miaka na hawaachani. Mazoea yana taabu!

Msibani ndiko inakopimwa. Vaa nguo nyeusi, weka wona 50,000 (wona ndiyo pesa ya Korea) kwenye bahasha nyeupe, au 100,000 kama mlikuwa karibu. Usiweke 40,000, kwa sababu nne kwao inatamkwa kama kifo. Jina liandike nyuma, chini kushoto. Sujudia picha ya marehemu mara mbili, wafiwa mara moja; kama imani yako haikuruhusu, inamisha kichwa tu. Kisha kaa ule, usikimbie. Supu huwa ya ng'ombe yenye pilipili, lakini nguruwe naye huwepo mezani, kwa hiyo Waislamu ulizeni. Glasi hazigonganishwi.

Tahadhari moja: profesa anayekusahihishia mitihani usimpelekee kitu, hata kahawa ya kopo. Sheria iliyoanza 2016 inakataza. Mpelekee ukishahitimu.