Rimu Hufuata Breki, Tairi Hufuata Baridi: Mhadhara Kuhusu Magurudumu ya Baridi kwa Gari la Spoti

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa kuzungumzia namna ya kuchagua matairi na rimu za majira ya baridi kwa gari la spoti, na ningependa kusema mapema kwamba wengi wetu hulifanya jambo hili kinyumenyume. Tunaanza na rimu iliyotupendeza macho, kisha tunatafuta tairi litakaloingia juu yake, na mwishoni kabisa ndipo tunapojiuliza barabara tunazopita zina baridi ya namna gani. Mimi nashikilia kwamba hali ya hewa ndiyo ichague mpira, breki ziamue udogo wa rimu, na uzuri uridhike na nafasi itakayosalia.

Tuanze na mpira wenyewe. Tairi la kiangazi la gari la spoti hutengenezwa kwa mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ukiwa umepata joto. Halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, mchanganyiko huo huanza kupoteza unyumbufu wake na hushindwa kujibana kwenye vinundu vidogo vya lami. Namba hiyo 7 ni kadirio tu ambalo watengenezaji wengi wamelizoea, kwa hiyo msitarajie kwamba tairi litabadilika ghafla kipimajoto kinapoifikia. Hata hivyo, kadiri tunavyokaribia sifuri, matairi yaliyoundwa kwa kuulenga uwanja wa mashindano huwa magumu kama kwato, na baadhi ya watengenezaji huonya kwamba gari lisisogezwe kabisa katika baridi kali, kwa kuwa kashata zinaweza kupasuka. Zingatieni kwamba sijataja theluji bado. Dereva anayesema kwamba anakopita theluji haianguki hajajibu swali, maana tatizo la kwanza ni ubaridi wa lami, hata ikiwa kavu.

Tairi la baridi hukabili mambo mawili kwa pamoja. Mchanganyiko wake, ambao kwa kawaida una silika nyingi, yaani unga wa madini ya jamii ya mchanga, hubaki laini katika baridi. Na kashata zake zimekatwa chale nyembamba nyingi ambazo hufunguka tairi linapokanyaga, kingo zake zikauma uso wa barabara. Theluji inayonasa ndani ya chale na mifereji ina faida, kwa sababu theluji hushikana na theluji vizuri zaidi kuliko inavyoshikana na mpira. Maarifa haya si mapya: kiwanda cha Finland ambacho leo tunakifahamu kama Nokian kilitoa tairi la baridi la malori mwaka 1934, na mwaka 1936 kikatoa lile la magari madogo lililoitwa Hakkapeliitta.

Hapa ndipo uteuzi wa kweli unapoanza, kwa kuwa matairi ya baridi hayafanani. Yako yaliyoundwa kwa majira ya baridi ya Ulaya ya kati, ambako barabara husafishwa, lami huwa na maji na chumvi, na mwendo ni wa kasi. Haya yana mabavu magumu kiasi, huitikia usukani vizuri, na hupatikana katika alama za mwendo za H, V na hata W, yaani kilomita 210, 240 na 270 kwa saa. Yako mengine ya nchi za kaskazini, laini zaidi, ya kukanyagia barafu na theluji iliyoshindiliwa kwa miezi kadhaa, ambayo mengi yana alama za chini kama Q ya kilomita 160 au T ya kilomita 190. Aina ya tatu ni matairi yenye misumari, ambayo huruhusiwa Finland na Sweden katika majira yake lakini hukatazwa kwa matumizi ya kawaida katika barabara za Ujerumani.

Mwenye gari la spoti huvutwa na alama kubwa ya mwendo, na kwa anayepita zaidi kwenye barabara kuu zilizosafishwa, mvuto huo una haki yake. Tairi laini la kaskazini kwenye lami kavu yenye nyuzi 8 litamfanya ahisi kwamba usukani umelegea na mkia wa gari unachelewa kuufuata. Lakini anayeishi na barafu, halafu akanunua tairi la alama W kwa sababu tu gari lake linaweza kufikia kasi hiyo, amelipia uwezo ambao barabara haitamruhusu kuutumia. Sheria za Ujerumani zimelitambua hilo: huruhusu tairi la baridi lenye alama ya chini kuliko kasi ya juu ya gari, mradi kibandiko kinachotaja kasi inayoruhusiwa kiwekwe mahali dereva anapokiona. Uzito ambao tairi linaruhusiwa kubeba, kwa upande mwingine, hauna nafuu ya namna hiyo.

Lipo pia suala la alama ubavuni. Herufi M+S, za maneno ya Kiingereza yenye maana ya matope na theluji, peke yake hazithibitishi kwamba tairi limefaulu jaribio lolote la theluji. Mtafute mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ambao hutolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji dhidi ya tairi la rejea. Ujerumani imeudai mchoro huo kwa matairi ya baridi yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2018, na muda wa msamaha kwa yale ya zamani yenye M+S tu ulikwisha Septemba 2024. Someni pia tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT, zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Na kina cha kashata kisiachwe kifike milimita 1.6 ambazo sheria nyingi huruhusu. Austria hudai milimita 4 ili tairi la kawaida la gari dogo lihesabiwe kuwa la baridi, nami naliona dai hilo kuwa la busara.

Sasa rimu. Kanuni yangu ni kuchukua kipenyo kidogo zaidi ambacho mtengenezaji wa gari amekiidhinisha na ambacho breki zinakikubali. Rimu ndogo hutoa nafasi ya ubavu mrefu wa tairi, na ubavu mrefu huilinda rimu dhidi ya mashimo yaliyojificha chini ya theluji. Tairi jembamba kidogo nalo hupenya theluji laini na maji machafu ya barafu, badala ya kuelea juu yake. Kipenyo cha jumla kinapaswa kubaki karibu na kile cha awali, na hesabu yake si ngumu. Katika saizi kama 245/35 R20, 245 ni upana wa tairi kwa milimita, 35 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 20 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la 245/35 R20 lina kipenyo cha milimita 679.5, la 245/40 R19 lina 678.6, la 245/45 R18 lina 677.7. Mmeshuka inchi mbili za rimu na tofauti haifiki milimita 2. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, uwiano kati ya mbele na nyuma ndio wa kulindwa kwa makini zaidi, kwa sababu mzunguko usiolingana huulazimisha mfumo wa kugawa nguvu kufanya kazi muda wote.

Kinachomzuia mtu kushuka zaidi ni kalipa ya breki, yaani kile kibanio kinachoibana diski, na hapa huzuka makosa mengi, kwa kuwa nafasi zinazopimwa ni mbili. Ya kwanza ni kati ya mgongo wa kalipa na pipa la rimu, yaani ukuta wake wa ndani wa mviringo. Ya pili ni kati ya uso wa kalipa na upande wa nyuma wa mikono ya rimu, ile inayounganisha katikati yake na ukingo. Rimu mbili za inchi 18 zenye upana uleule zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikapita na nyingine ikakwaruza, kwa sababu tu mikono yake imepinda tofauti. Gari lilelile likiwa na diski kubwa za kauri huenda likakataa rimu ambayo toleo lenye diski za chuma linaikubali. Halafu kuna kina cha kukaa kwa rimu, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wake na uso unaofungwa kwenye gari, kinachoandikwa ET: mkipunguza upana kwa nusu inchi na kuiacha ET ilivyo, kila ukingo husogea kuelekea katikati ya rimu kwa milimita 6.35. Mashimo ya bolti nayo hayabahatishwi. Porsche nyingi zina bolti 5 katika duara la milimita 130, na Mazda MX-5 ya sasa ina 4 katika duara la milimita 100.

Magari yenye matairi mapana zaidi nyuma huleta kishawishi cha kuweka saizi moja pande zote. Ni rahisi na huruhusu kubadilishana nafasi, lakini kumpunguzia upana wa nyuma mnyama mwenye nguvu nyingi huufanya mkia uwe mwepesi kuteleza, kwa hiyo nasihi tubaki ndani ya saizi zilizoidhinishwa. Kufunga matairi mawili tu ya baridi kwenye magurudumu yanayosukuma ni kosa baya zaidi, maana gari litaondoka vizuri na halitasimama wala kukata kona vizuri.

Kuhusu sura ya rimu nitasema machache. Chumvi hula nyuso zilizosuguliwa na zilizochongwa kung'aa, kwa hiyo rimu iliyopakwa rangi kamili hudumu zaidi.

Kabla ya tairi kuvalishwa, fungeni rimu tupu kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachoshika gurudumu, kwanza mbele kisha nyuma, mkaze bolti kwa mkono, mwizungushe polepole mkiangalia kalipa pande zote mbili. Hakikisheni kichwa cha bolti kinalingana na kikalio chake, cha mviringo au cha koni, kwa sababu hivyo viwili havichanganywi. Rimu ikigusa mahali popote, irudisheni siku hiyohiyo. Muuzaji huwa mwepesi zaidi kuikubali rimu ambayo haijavalishwa tairi.