Jinsi ya Kuiona Miezi Minne ya Mshtarii Ukiwa Kigoma, na Visa vya Majina Yake

Karibuni watazamaji. Leo tupo Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Jua limeshazama nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao. Nitawaonesha namna ya kuiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii kwa darubini ya kawaida ya macho mawili, na namna ya kuutambua kila mmoja kwa kisa cha Wagiriki wa kale kilichoupa jina. Mimi naamini ukishakijua kisa, mwezi wenyewe hautakupotea tena.

Andaa darubini iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Chukua pia daftari, penseli, na simu yenye programu ya ramani ya nyota. Stellarium inapatikana bure.

Hatua ya kwanza: itafute Mshtarii. Anza na programu, kwa sababu karibu kila mwaka kuna wiki kadhaa ambazo sayari hii hupotea kwenye mwanga wa jua. Ikiwepo angani, huwezi kuikosa: ni nuru nyeupe iliyotulia, isiyometameta kama nyota, na kwa kawaida ni Zuhura tu anayeipita kwa mng'ao. Kigoma tuna bahati. Tupo takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Mshtarii hupanda juu sana na kukwepa vumbi na moshi wa chini. Ikiwa imeshashuka chini upande wa ziwa, usiichanganye na taa za wavuvi. Itazame kwa dakika moja. Taa inacheza na mawimbi, sayari haichezi.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi: kutuliza mikono. Egemea ukuta, au kaa mchangani na uweke viwiko juu ya ukingo wa mtumbwi uliopandishwa nchi kavu. Kisha rekebisha darubini. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota yoyote iwe nukta kali. Sasa fumba la kushoto, na safari hii zungusha pete iliyopo kwenye kioo cha kulia. Usiiguse tena pete hiyo usiku kucha.

Hatua ya tatu: elekea Mshtarii, na uangalie pembeni mwake, si katikati. Utaona nukta ndogo zimejipanga kwenye mstari mmoja, nyingine kushoto, nyingine kulia. Hiyo ndiyo miezi! Tarehe 7 Januari 1610, Galileo Galilei akiwa Padua, Italia, aliona nukta tatu za namna hii. Siku chache baadaye akaona ya nne. Nawe ukiona mbili au tatu tu, usivunjike moyo. Huenda mmoja au zaidi umemezwa na mwanga wa sayari, au umejificha.

Sasa tuje kwenye majina. Galileo aliiita kwa heshima ya ukoo wa Medici, watawala wa Florence. Majina tunayotumia leo yalichapishwa mwaka 1614 na Mjerumani Simon Marius, kwa wazo la mwanaastronomia mwenzake Johannes Kepler: kwa kuwa huko Ulaya Mshtarii huitwa Jupiter, jina la mungu mkuu wa Warumi, ambaye kwa Wagiriki ni Zeus, basi izungukwe na wale aliowatamani. Visa hivi vina dhuluma nyingi, na sitaviremba.

Io ndiye aliye karibu zaidi. Zeus alimgeuza binti huyu mtamba ili amfiche mkewe, Hera. Hera hakudanganyika. Alimtuma nzi mkali wa kuuma ng'ombe, akamkimbiza Io nchi hadi nchi mpaka Misri. Na mwezi wake nao haupumziki: unamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu hivi, huku mvuto wa Mshtarii na wa miezi jirani ukiubana na kuunyoosha mpaka ndani unayeyuka. Mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kilipiga picha volkano zake zikilipuka.

Europa alikuwa binti mfalme wa Foinike, pwani ya Lebanoni ya leo. Zeus alijigeuza fahali, akambeba mgongoni na kuvuka naye bahari mpaka Krete. Mwezi wake umefunikwa na barafu, na dalili nyingi zinaonesha kuna bahari ya chumvi chini yake. Chombo cha Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024 kwenda kuuchunguza, na kinatarajiwa kufika 2030.

Ganymede, kijana wa Troya aliyenyakuliwa ili awe mnyweshaji wa miungu, ana mwezi mkubwa kuliko yote katika mfumo wa jua, unaoizidi hata sayari ya Utaridi kwa upana. Nukta inayong'aa kuliko wenzake huwa ndiyo hiyo.

Callisto ndiye ninayempenda zaidi. Alikuwa mfuasi wa Artemis, mungu wa kike wa uwindaji. Zeus alimlaghai, na Hera akamgeuza dubu. Mwishowe aliwekwa angani kuwa kundinyota la Dubu Mkubwa. Hera bado hakuridhika: akaiomba miungu ya bahari isimruhusu kuoga majini mwao. Ndiyo maana huko Ugiriki zile nyota saba kubwa za Dubu zilizunguka kaskazini bila kuzama. Lakini toka nje hapa Kigoma jioni ya Aprili au Mei, tazama kaskazini, upande wa Burundi. Utaziona nyota hizo saba zikipita chini chini, kisha usiku unavyosonga zinazama zote. Laana ya Hera haifiki Ziwa Tanganyika.

Mwezi wa Callisto uko mbali kuliko wenzake watatu na unatumia karibu siku 17 kuzunguka, hivyo nukta iliyojitenga sana mara nyingi ni yeye.

(Miezi ya sayari nyingine inahitaji vifaa vikubwa zaidi. Si yote yenye majina ya Wagiriki: ya Uranusi mingi ina majina ya wahusika wa Shakespeare, na Zohali ina Kiviuq na Ijiraq, kutoka masimulizi ya Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini.)

Hatua ya nne: chora. Andika tarehe na saa, chora duara, kisha weka nukta mahali ulipoziona. Rudia kesho saa ileile. Io na Europa watakuwa wamehama kabisa. Callisto anaweza kubaki upande mmoja hata wiki nzima. Endelea kwa wiki mbili, na utaona kwa mkono wako mwenyewe kwamba Io akizunguka mara 4, Europa huzunguka 2, na Ganymede 1.

Hatua ya mwisho: linganisha na programu, lakini baada ya kuchora, si kabla. Nukta ikipungua, programu itakuonesha kama mwezi huo upo mbele ya sayari, nyuma yake, au umeingia kwenye kivuli chake. Andika jibu pembeni mwa mchoro wa siku hiyo.