Macho ya Nyuzi: Mazungumzo na Akina Mama wa Pete

Assalamu alaykum mama zangu. Soksi shikeni, sindano wekeni kwanza, maana namwona mama pale nyuma keshafungua kopo la vifungo. Virudishe, mama. Leo hapa kijijini Pete tunashona kima wa soksi, na jicho la mwanasesere wa mtoto ni la uzi, si la kifungo. Hili nimelisema Makunduchi, nimelisema Chwaka, na leo nalisema tena.

Mjukuu wangu alikuwa na mwaka na nusu. Nilimshonea sungura wa soksi, nikamtia macho ya vifungo vya shati, vile vidogo vya kola. Uzi mara mbili, fundo juu ya fundo. Siku ya tatu nimo jikoni napalia wali, namsikia mtoto anapumua kama filimbi. Kumshika, sungura ana jicho moja. La pili limo puani mwa mtoto. Tukapanda daladala mpaka mjini, tukakaa kwenye benchi hadi alasiri, mtoto analia na mimi nalia. Daktari alikitoa kwa dakika mbili. Akakiweka kiganjani mwangu, akasema: "Bibi, hiki kingeshuka kooni tungezungumza mengine."

Na sikilizeni: uzi haukukatika! Niliukuta mzima, na mafundo yake. Kilichoachia ni soksi. Soksi imefumwa, haikusukwa kama kanga; mtoto akivuta, tundu linapanuka na fundo linapita. Kwa hiyo asije mtu kuniambia "mimi nitakaza".

Mtasema sokoni Darajani wanauza wanasesere wenye macho ya plastiki. Wanauza. Wengine wameandikwa kabisa kwamba si wa mtoto wa chini ya miaka 3. Nani kati yetu anasoma?

Nyinyi mnashona kofia za viua, tundu kwa tundu, wiki kwa wiki. Jicho la kima litawashinda? Uzi mweusi, upitishe ubavu kwa ubavu mpaka duara lijae, kisha nukta moja nyeupe pembeni. Nukta hiyo ndiyo inayompa uhai.

Nasikia minong'ono: uhai gani, kwani sanamu si haramu? Masheikh wamekhitilafiana, sitawaamulia. Lakini ya Bibi Aisha mnaijua: alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza, farasi na mabawa? Akajibu, hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Mwenye shaka ashone sungura asiye na uso. Mtoto atalala naye vile vile.

Sasa kima. Marekani kima wa soksi ana mdomo mwekundu, kwa sababu kiwanda kimoja cha mji wa Rockford, Illinois, kilianza mwaka 1932 kufuma soksi za kazi zenye kisigino chekundu, na wanawake wakakigeuza kisigino kuwa mdomo. Sisi tuna punju, kima wetu, ambaye asili yake ni Unguja tu, na nyinyi wa Pete mnamwona kila siku juu ya miti ya mikungu, anashuka mpaka jikoni kuiba makaa. Basi mtazameni! Mgongo rangi ya kutu, mabega na mikono meusi, nywele nyeupe kuzunguka uso, pua na midomo ya waridi. Tena hana kidole gumba, kwa hiyo mkono wake ni kipande cha soksi kilichofungwa ncha, basi. Soksi ya kahawia ya skuli iliyobaki moja inatosha mwili.

Adhuhuri inakaribia, na miguu sijaifikia. Kwa haraka: igeuzeni soksi ndani nje, shoneni mistari miwili ya miguu kwanza, ndipo mkate katikati yake. Ukikata kabla, inafumuka mkononi. Acheni tundu la kujazia. Usufi ni mzuri, ila ukirowa hufanya madonge, na mtoto atamkojolea tu. Jazeni mabaki ya fundi cherahani, yakatwe madogo madogo.

Mama wa vifungo, njoo mbele hapa. Nipe soksi yako, tuanze na jicho.