Bastola Iliyokufa Ikarudi na Sura Tatu

Mambo vipi wadau, ni mimi tena, Toronto, pua imeganda. Kabla hamjauliza: hapana, sijanunua bastola, na mama kama unatazama, tulia. Juzi nilitupia picha moja tu ya bastola ya zamani, Browning Hi-Power, mjomba akanipigia usiku wa manane kuniuliza kama nimeingia kwenye ujambazi. Namwelewa. Kwetu bastola ni ya askari au ya jambazi, hatujamzoea mtu anayeipenda kama wengine wanavyopenda saa za zamani. Ndiyo mimi sasa, nivumilieni.

Hapa niliposimama panaitwa Liberty Village. Maghorofa, mikahawa, mbwa wamevaa makoti kuliko mimi. Jirani tu, barabara ya Strachan, palikuwa na kiwanda cha John Inglis. Wenyeji wanalijua jina hilo kwa mashine za kufulia. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili pale zilitoka bunduki za rashasha za Bren, kinamama wakiwa kwenye mashine, na kuanzia 1944 ikatoka bastola ya Browning Hi-Power. Mzigo mkubwa uliagizwa kwa ajili ya jeshi la China. Canada nayo ikachukua zake, na hapa ndipo mimi nilipochanganyikiwa: jeshi la Canada lilibaki na hizohizo za wakati wa vita hadi 2022, liliposaini kununua bastola mpya, SIG Sauer P320. Fikiria kijana wa miaka ishirini kiunoni ana silaha iliyomzidi babu yake umri!

Yenyewe si ya Canada kwa asili. John Browning, Mmarekani, alianza kuibuni kwa sababu Wafaransa walitaka bastola ya kubeba risasi nyingi. Akafariki 1926 akiwa palepale kazini, kiwanda cha silaha cha FN, Herstal, Ubelgiji. Mbelgiji Dieudonné Saive akaichukua kazi ya marehemu na kuimaliza, ikatoka 1935. Magazini yake, yaani kile kikasha cha risasi, inaingia risasi 13, zimepangwa safu mbili zikipishana, wakati bastola nyingi za jeshi enzi zile zilibeba 7 au 8. Na bado mpini wake ni mwembamba! Hilo ndilo linaloniua mimi. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji 1940 ikakiteka kiwanda na kuendelea kuitengeneza, kwa hiyo vita ileile, bastola ileile, pande zote mbili.

Kasoro anazo huyu bibi, nisiwadanganye. Nyundo ya nyuma inauma ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Halafu Wafaransa walidai isifyatuke magazini ikiwa imetolewa, na kile kidude cha kuizuia kinasugua magazini, triga inakuwa kama unavuta kitu kwenye mchanga. Baada ya kudai yote hayo, hata hawakuichukua.

Mwanzoni mwa 2018 ikatangazwa kwamba haitengenezwi tena. Nilijua imekwisha. Kumbe! Oktoba 2021 kampuni ya Springfield Armory ya Marekani ikaleta ya kuiiga, SA-35. Girsan wa Uturuki nao wakaja na yao. Na Januari 2022 FN wenyewe wakaleta mpya, jina High Power, risasi 17.

Sasa nitukaneni. Ile ya FN siyo yenyewe. Ni bastola nzuri, sibishi, ila ni nene, na vipuri vya zamani haviingii. SA-35 inaingia risasi 15, kile kidude cha Wafaransa wamekitoa, nyundo wameirekebisha isiume, na ukiitazama ubavuni unaiona Hi-Power ya zamani kabisa. Yaani mtoto wa kuzaa hakufanana na baba, wa jirani ndiye kafanana. Haya mambo hutokea.

Mimi kununua? Sahau. Tangu Oktoba 21, 2022 Canada imezuia watu binafsi kununua, kuuza au kupeana bastola. Angalia tarehe: imefufuka, nchi iliyoibeba miaka karibu themanini ikafunga mlango mwaka uleule. Simlaumu mtu, risasi zimeua watu hapa mjini, misiba nimeiona.

Ila kuna mzee jirani yangu, mwanajeshi mstaafu, anayo moja ya Inglis, kihalali, imefungiwa kwenye sefu. Ndiye aliyenifundisha haya yote kwa chai, chai mbaya, haina hata tangawizi. Kijana wake anaipenda, lakini sheria haimruhusu kumwachia. Nilimuuliza itakwenda wapi siku akiondoka. Akaifuta mafuta taratibu, akavuta nyundo nyuma, ikalia klik mbili ndogo, akaniambia, "Sikiliza hiyo."

Ameniruhusu nirekodi ule mlio. Jumamosi narudi kwake, nabeba tangawizi na maiki. Mjomba, ukiona bastola kwenye video ijayo usinipigie usiku.