Vitana, Vifungo na Vipande vya Kitambaa

Mabibi na mabwana, mtaniwia radhi, nitaanza na chawa.

Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, ilizama mwaka 1545, ikaibuliwa mwaka 1982. Leo ipo katika makumbusho mjini Portsmouth, na mgeni akiingia macho hukimbilia mizinga. Lakini mle melini vilipatikana pia vitana vya mbao, karibu 80, na baadhi yake bado vina chawa katikati ya meno. Mizinga imejaa nembo za mfalme. Vitana vimejaa mwasho wa mabaharia.

Vitu vya kila siku kama hivi mara nyingi havina jina la mwenyewe. Tunachosoma ni pale vilipolika. Mwiko uliokoroga chungu kwa miaka hulika upande mmoja, nawe ukautazama vizuri utajua mpishi alitumia mkono gani. Ndiyo maana mhifadhi mwenye busara hana haraka ya kusugua: uchafu na mikwaruzo ndiyo maandishi yenyewe.

Sasa niseme jambo linaloniuma kidogo. Foundling Hospital ya London, ambayo licha ya jina lake ilikuwa makao ya kulelea watoto, ilianza kupokea wachanga mwaka 1741. Mtoto aliachwa pamoja na alama: kifungo, sarafu iliyochongwa, hata ganda la kokwa, na mara nyingi zaidi, kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye nguo. Alama iliambatishwa kwenye karatasi ya usajili, ili mama akirudi aweze kumtambulisha mwanawe. Wengi hawakurudi.

Miaka ya 1860, baadhi ya alama zilichomolewa kwenye karatasi zake zikawekwa mbele ya wageni. Nia ilikuwa njema, naamini. Ila ganda lilipotoka kwenye karatasi, halikuwa tena la mtoto fulani. Likawa ganda tu, zuri, ndani ya kioo. Watafiti wamelazimika kupekua kumbukumbu, alama moja moja, kutafuta ni ya nani.

Vitambaa je? Hivyo havikumvutia mtu. Viliachwa madaftarini, takriban 5,000, vingi vikiwa vya nguo za watu wa kawaida, na hadi leo kila kimoja kipo kwenye ukurasa wa mtoto wake.